Thomas Mitchell: nianze na filamu ipi, na 1939 aliwezaje filamu tano?

Kiti cha Nyuma

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wanaozijua sinema za zamani za Kimarekani.

Nimegundua kwamba daktari mlevi wa Stagecoach, baba yake Scarlett kwenye Gone with the Wind na Uncle Billy wa It's a Wonderful Life ni mtu mmoja: Thomas Mitchell. Nataka kumfuatilia huyu bwana kwa mpangilio, siyo kuokota okota. Maswali yangu ni haya:

1. Kwa asiye na muda wa filamu zote, zipi sita au saba zinatosha kumjua? Na ndani yake nitazame nini hasa?
2. Mwaka 1939 jina lake lipo kwenye filamu tano kubwa. Aliwezaje?
3. Kwa nini Oscar walimpa kwa Stagecoach na siyo kwa Gone with the Wind, ambayo ndiyo iliyozoa tuzo?
4. Stagecoach niliyonayo ina dakika 92, kwingine naona imeandikwa 96. Nimepigwa?

Natanguliza shukrani.

---

Mzee Projekta

Naanza na la 4 kwa sababu likikushinda hilo, mengine yote utayatazama vibaya.

Hujapigwa. Filamu ya sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. PAL, mfumo wa televisheni tuliorithi huku na uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya, unakwenda fremu 25. Waliohamisha filamu kwenda DVD za PAL hawakuongeza fremu yoyote, waliikimbiza tu: za 24 zikachezwa kama 25. Chukua 96, zidisha kwa 24, gawa kwa 25: unapata 92 na kidogo. Hakuna tukio lililokatwa. Kwa hesabu hiyo hiyo High Noon ya dakika 85 inaonekana ya 82 kasoro, na It's a Wonderful Life ya 130 inaonekana ya 125 kasoro kidogo. Kwa hiyo ukiona nakala fupi, kwanza fanya hesabu hiyo. Ikilingana, lala usingizi. Isipolingana, hapo ndipo uanze kumtafuta aliyeshika mkasi.

Hasara ya PAL iko kwenye sauti. Inapanda kidogo, na Mitchell ni mtu wa kusikilizwa kuliko kutazamwa. Kama programu yako ya kuchezea video inakuruhusu kuandika kasi, weka 0.96. Lakini nyingi zimetegeshwa zilinde kimo cha sauti ukibadilisha kasi, yaani picha itapungua mwendo na sauti itabaki palepale juu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ukizime hicho kilinzi, ndipo sauti yake ishuke inapotakiwa.

La pili ni runinga yenyewe. Filamu za miaka ile zina umbo la 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo), karibu mraba. Runinga za leo ni 1.78 kwa 1. Ukiiweka sawasawa utaona milia myeusi kushoto na kulia, na watu wengi hawaipendi, wanabonyeza kitufe cha kujaza kioo. Ukifanya hivyo unakata karibu robo ya picha, juu na chini. Kwenye Stagecoach huo ni uharibifu kabisa, maana mwongozaji John Ford alipiga kamera kutoka chini mpaka dari za vyumba zinaonekana, na watu wamepangwa wengine wameketi, wengine wamesimama. Aliyesimama ndiye wa kwanza kupoteza kichwa. Wengine hawakati ila wanaivuta picha kwa upana. Mitchell alikuwa mfupi mnene tayari, ukimvuta anakuwa pipa.

Filamu yake ambayo kweli ilikatwa ni Lost Horizon ya 1937. Humo yeye ni Barnard, tapeli wa fedha anayetafutwa na polisi, anaanza kwa kuwaza dhahabu na anaishia kuwaza mabomba ya maji ya bonde zima. Ilitoka na dakika 132, halafu ikapunguzwa mara kadhaa miaka iliyofuata. American Film Institute waliiunganisha upya miaka ya 1980. Sauti ya dakika zote 132 ilipatikana, lakini picha ya kama dakika 7 haikupatikana, wakaweka picha mgando. Ukifika mahali watu wameganda huku wanaongea, usidhani diski imekwama. Na ukikuta nakala isiyo na mahali pa namna hiyo, ni kwamba ama ni fupi, ama hizo sehemu zimerukwa.

It's a Wonderful Life ina tatizo lake. Hakimiliki yake haikuhuishwa mwaka 1974, kila kituo cha televisheni Marekani kikairusha bure, na kila mwenye mashine akatoa kanda zake, nyingine chafu mpaka nyuso hazisomeki. Mwaka 1993 wenye haki waliidhibiti tena kupitia hadithi ya asili na muziki. Kuna pia zilizopakwa rangi. Hizo achana nazo, rangi ya ngozi inafuta kabisa mikunjo ya uso wa Uncle Billy pale anapolia.

---

Dada Kreditsi

Asante Mzee. Nachukua 2 na 3.

Kwanza tutenganishe mwaka wa kupiga filamu na mwaka wa kuitoa. Filamu zake tano za 1939 ni Stagecoach, Only Angels Have Wings, Mr. Smith Goes to Washington, The Hunchback of Notre Dame na Gone with the Wind. Stagecoach ilipigwa miezi ya mwisho ya 1938. Only Angels Have Wings ilianza Desemba hiyo hiyo. Gone with the Wind iliendelea tangu Januari 1939 hadi katikati ya mwaka, Mr. Smith ikaanza Aprili, na Hunchback ikapigwa kiangazi kuelekea vuli na kutoka mwisho wa Desemba. Kwa hiyo kazi yenyewe imetanda kwenye mwaka mmoja hivi, ila haukuanza Januari.

La pili, angalia wenye filamu. Stagecoach ni ya Walter Wanger kupitia United Artists. Mbili ni za Columbia. Gone with the Wind ni ya Selznick, MGM ndio wasambazaji. Hunchback ni ya RKO. Studio nne au tano, inategemea unavyohesabu. Waigizaji wengi wakati ule walikuwa wamefungwa na studio moja kwa mkataba wa miaka saba, wanacheza walichopangiwa. Ratiba ya namna hii huwezi kuipata ukiwa umefungwa hivyo.

La tatu ndilo lenyewe. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi, inapigwa kwa seti. Vipande vyote vinavyotokea chumba kimoja vinapigwa pamoja, halafu seti inavunjwa. Steringi yumo karibu kila seti, kwa hiyo amekwama mpaka mwisho. Mtu wa pembeni unampangia rundo la siku. Chukua Gerald O'Hara, baba yake Scarlett: yupo mwanzoni, anaruka uzio na farasi, anamwambia Scarlett habari ya ardhi, anahudhuria sherehe kwa jirani. Kisha vita inakuja, hadithi inahamia Atlanta, na kwa muda mrefu hayupo kabisa. Anarudi akiwa amepoteza akili, halafu anakufa. Vipande vyenyewe viko hapo hapo nyumbani na kwenye viunga vyake. Diz Moore, mwandishi wa habari anayemcheza kwenye Mr. Smith, vilevile: baa ya waandishi, ofisi ya Saunders (katibu wa seneta, Jean Arthur), na roshani ya waandishi ndani ya Seneti. Ndiyo maana Gone with the Wind na Mr. Smith zilipandana kwenye kalenda na bado akaonekana kote kuwili.

Stagecoach ndiyo haikuwa rahisi kihivyo, kwa sababu Doc Boone ni mmoja wa abiria saba wa ndani ya gari la farasi na gari hilo ndilo filamu. Nafuu ni kwamba bonde la Monument Valley unaloliona dirishani lilikuja kwa pazia: mazungumzo ya ndani yalipigwa studio, mandhari ikioneshwa nyuma yao.

Sasa Oscar. Sherehe ilikuwa tarehe 29 Februari 1940. Walioshindanishwa naye kwa mwigizaji msaidizi ni Brian Aherne, Harry Carey, Brian Donlevy na Claude Rains. Tazama hapo: Carey na Rains wote wawili walitoka Mr. Smith, filamu ambayo Mitchell mwenyewe alikuwamo. Na kati ya filamu kumi zilizogombea tuzo ya filamu bora, tatu ni zake.

Kwa nini Stagecoach? Gerald anaanza na nguvu halafu anatoweka, akirudi ni mzee aliyevunjika. Katikati, pale anapobadilika, hatumwoni. Doc Boone tunamwona anavyobadilika tangu kulewa mpaka kulevuka, hapo hapo mbele ya macho yetu. Wapiga kura siku zote hupenda kuona mabadiliko yenyewe. Hayo ni maoni yangu, lakini sioni maelezo mengine yenye mantiki. Mwaka 1937 alikuwa ameshateuliwa kwa The Hurricane, pia ya Ford, pia daktari, pia mpenda chupa, akashindwa na Joseph Schildkraut. Kwa hiyo 1939 hakuwa mgeni kwao.

Jambo ambalo wengi hukosea: usitafute picha yake ameshika kile kinyago cha dhahabu usiku ule. Waigizaji wasaidizi walikuwa wanapewa kibao chenye umbo dogo la Oscar limebandikwa. Kinyago kamili walianza kupewa kwenye tuzo za filamu za 1943. Usiku huo huo Hattie McDaniel alipata cha kwake kwa Gone with the Wind, Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na bado aliketishwa meza ya peke yake, mbali na wenzake wa filamu. Huyo naye anastahili uzi wake.

---

Shahidi wa Pembeni

Swali la 1 niachieni mimi.

Usifuate miaka. Ukifuata miaka utaanza na 1936 na utachoka kabla hujaona kwa nini watu wanamheshimu. (Kuna filamu bubu moja ya 1923, Six Cylinder Love, lakini baada ya hiyo alirudi jukwaani Broadway, alikoigiza, kuongoza na kuandika. Tamthilia ya Little Accident aliyoandika na Floyd Dell mwaka 1928 imezaa filamu zaidi ya moja, mojawapo Casanova Brown ya 1944 ya Gary Cooper. Na kabla ya jukwaa alikuwa mwandishi wa gazeti. Kumbuka hilo ukimtazama Diz Moore.)

Anza na Stagecoach na uitazame mara mbili. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili mtazame Doc Boone anapokuwa kimya. Ameketi jirani na Peacock, yule bwana mdogo mwenye mkoba wa sampuli za wiski. Doc hamnyang'anyi. Anambembeleza, anamfunga shali, anamjali kama mgonjwa wake, na chupa zinapungua moja moja. Wakati watu wengine wanagombana, mikono yake bado iko kazini kwenye ule mkoba.

Kisha kituo cha Apache Wells. Mke wa ofisa anaanguka, kumbe ni mjamzito na siku zimefika, na daktari pekee amelewa chakari. Hapa ndipo penye Oscar. Hataki huruma ya mtu. Anadai kahawa, nyeusi, halafu nyeusi zaidi, kikombe juu ya kikombe mpaka tumbo linakataa. Waigizaji wengi hapo wangeonesha ulevi unatoka kama taa inayowashwa: sekunde moja mlevi, ya pili mzima. Mitchell anauondoa kwa mafungu. Kwanza macho yanapata pa kutua, miguu bado. Halafu anavua koti na kukunja mikono ya shati, na vidole vinakumbuka kazi kabla uso haujakumbuka. Anapoingia chumbani ni daktari, ingawa bado anaumwa. Baadaye kule Lordsburg, mwisho wa safari, anasimama mbele ya mhalifu Luke Plummer na kumzuia asitoke na bunduki ya marisau kwenda kumkabili Ringo (John Wayne). Hana silaha. Mtazame baada ya Plummer kutoka, si kabla. Na mwisho wa filamu marshal, ofisa wa sheria, anapomwalika kinywaji, jibu lake ni kwamba atapata kimoja tu. Hajaokoka, na filamu haidai kwamba ameokoka.

Ya pili, Only Angels Have Wings ya Howard Hawks. Yeye ni Kid, rubani ambaye macho yanaisha nguvu na rafiki yake, Cary Grant, ndiye inabidi amshushe chini asiruke tena. Humo pia yumo mtu aliyeruka na mwavuli akaiacha ndege ianguke na fundi ndani, na fundi huyo alikuwa mdogo wake Kid. Mwishoni wanapanda ndege moja. Sitakwambia zaidi. Hapa Mitchell halewi, hachekeshi, na karibu hapazi sauti. Kama mtu anakwambia huyu bwana alijua ulevi tu, mpe hii.

Ya tatu, Make Way for Tomorrow ya 1937, wazee wawili waliopoteza nyumba na watoto wanagawana: mmoja mama, mwingine baba. Mitchell ni mtoto wa kiume anayemchukua mama. Watu wetu wataielewa upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Mama anachezwa na Beulah Bondi, aliyemzidi Mitchell kama miaka mitatu hivi! Ni vipodozi, mgongo na mwendo. Kuna kipande mwana anatakiwa amwambie mama kuhusu nyumba ya wazee na hajui aanzeje, mama anaona, anawahi kusema yeye ndiye anayetaka kwenda. Tazama uso wa mwana anaposhukuru na kuona aibu kwa wakati mmoja. Ukishaiona, rudi kwenye It's a Wonderful Life: Bondi ni mama yake George Bailey, na Uncle Billy ni ndugu wa mumewe. Mama na mwana 1937, shemeji na shemeji 1946.

Ya nne ni hiyo hiyo It's a Wonderful Life. Tano, The Fighting Sullivans ya 1944, iliyotoka kwanza kwa jina la The Sullivans, kuhusu ndugu watano waliokufa kwenye manowari ya Juneau mwaka 1942. Yeye ni baba, mfanyakazi wa reli. Anapata habari, na siku hiyo hiyo anaondoka kwenda kazini. Treni inapita mnara wa maji ambao watoto walikuwa wanaupanda kumpungia, naye anapiga saluti. Basi. Sita, High Noon. Saba ukitaka, The Long Voyage Home ya 1940, mabaharia, John Wayne akiwa kijana wa Kiswidi.

---

Bush Baby

Mimi natofautiana na hapo juu kidogo. Mnamtetea kana kwamba kuwa mlevi kwenye sinema ni dhambi. Kazi yake kubwa ni hiyo hiyo, kwa sababu hakuna walevi wake wawili wanaofanana, na ni rahisi kulithibitisha: weka vipande vinne mfululizo.

Doc Boone analewa kwa fahari. Ana ufasaha, anainama kama mwanasheria, pombe inampa maneno. Diz Moore wa Mr. Smith analewa na Jean Arthur kwenye kipande kimoja cha baa na ofisini, na humo pombe inamfanya akubali kuoa bila kujua ameombwa au ameomba yeye. Ni mwandishi wa habari, hata akilewa anasikiliza. Gene Gibbons wa Angels Over Broadway, 1940, ni mwandishi wa tamthilia aliyefilisika moyo, analewa ili aendelee kuwa mwerevu. Uncle Billy hafanani nao wote, huyo ni msahaulifu kwanza, mlevi baadaye. Nyuzi kwenye vidole za kumkumbusha mambo, kunguru ofisini, kindi nyumbani. Dola 8,000 hazipotei kwa sababu amekunywa. Zinapotea kwa sababu amefurahi mno: anamkoga Potter, tajiri wa mji, na gazeti lenye picha ya shujaa wa familia, akalirudisha gazeti na pesa ndani yake. Ukikitazama kile kipande cha benki kwa makini utaona mkono unavyofunga bahasha ndani ya gazeti huku mdomo unaendelea kujisifu. Mkono na mdomo haviulizani.

Kanuni anayoifuata, na anayetaka kuigiza mlevi aichukue bure: mlevi hajaribu kuyumba, anajaribu kutembea wima. Wanaoharibu wanaanza na kuyumba. Mitchell anaanza na heshima, halafu heshima inamponyoka.

Ule mlio wa vitu kuanguka Uncle Billy anapotoka kwenye sherehe, akiwa ameshatoka kwenye picha, inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliangusha vifaa kwa bahati mbaya, naye akapaza sauti papo hapo kwamba yuko salama. Mwongozaji Frank Capra akaibakiza. Mtazame James Stewart hapo, anakaribia kucheka kwelikweli.

---

Kiti cha Nyuma

Aisee. Nashukuru sana wakuu, nimeshaanza na Make Way for Tomorrow nikajuta kuiangalia usiku.

Shahidi, High Noon umeipita kwa maneno mawili tu. Nimeitazama na sielewi meya yule wa Mitchell. Anaanza upande wa Kane, marshal wa mji (Gary Cooper), anaishia kumwambia aondoke. Alibadili mawazo lini?

---

Shahidi wa Pembeni

Hakubadili. Ndiyo maana ni kazi nzuri, na niliipita makusudi ili usitazame ukiwa umeshaambiwa.

Rudi pale kanisani. Kane anaingia katikati ya ibada kuomba watu wa kusimama naye dhidi ya majambazi wanaomjia. Watoto wanatolewa nje, watu wazima wanabishana, huyu anasema hili, yule lile. Meya Henderson ndiye anayeendesha mjadala, na unaona wazi anataka haki itendeke. Kisha anachukua nafasi mwenyewe. Gawa hotuba yake vipande vitatu.

Cha kwanza: mji huu una deni kwa Kane lisilolipika kwa fedha. Hapo Kane anatulia, nawe unatulia. Cha pili: tatizo hili ni letu sote, tusimwachie mtu mmoja. Unaona mikono inakaribia kunyooshwa. Cha tatu kinaanza kana kwamba ni mwendelezo: huko kaskazini kuna watu wanaoufikiria mji huu, wenye fedha za kujenga maduka na viwanda. Wakisoma magazetini kwamba watu wanauana mitaani, watafikiri nini? Kwa hiyo... Na hapo ndipo anapomgeukia Kane na kumwambia, kwa mapenzi, kwamba asingerudi.

Sababu ya wewe kutoona aligeuka lini ni kwamba hakugeuza sauti. Joto la sentensi ya kwanza ndilo joto la sentensi ya mwisho. Mwigizaji wa kawaida angetia ubaridi kwenye kipande cha tatu ili tujue sasa huyu ni adui. Mitchell anakicheza kama rafiki mpaka mwisho, maana mtu wa namna hiyo hujiona rafiki. Neno la kwanza la kipande cha tatu ndilo la kurudisha nyuma na kusikiliza mara kadhaa: anavuta pumzi pale, hiyo ndiyo alama pekee. Kisha mtazame Gary Cooper, hajibu hoja hata moja, anaaga tu na kutoka.

Angalia pia mpangilio wa majina mwanzoni. Baada ya Cooper na jina la filamu, wa kwanza kutajwa ni Mitchell. Grace Kelly yuko nyuma yake. Mwaka 1952 jina kubwa lilikuwa la nani, unaliona hapo.

---

Dada Kreditsi

Nyongeza ya mwisho kwa anayetaka kutafuta mwenyewe, maana "Mitchell" itakupoteza.

Millard Mitchell ni mwembamba mrefu, bosi wa studio kwenye Singin' in the Rain. Alifariki 1953. Grant Mitchell ni mzee mpole mwenye uso wa karani, yumo kwenye The Grapes of Wrath na Arsenic and Old Lace. Cameron Mitchell ni kijana kuliko wote. Hawa wanne walionekana sinemani miaka ileile ya 1940, wakati mwingine kwa studio zile zile. Mtego mbaya zaidi ni Death of a Salesman: Cameron alikuwa mtoto, Happy, kwenye onyesho la kwanza la 1949, na Thomas alikuja kucheza Willy Loman mwenyewe jukwaani, nafasi iliyoanzishwa na Lee J. Cobb. Ukisoma "Mitchell" kwenye orodha ya tamthilia ile bila jina la kwanza, usihitimishe lolote. Na Margaret Mitchell aliyeandika Gone with the Wind si ndugu wa Gerald wetu.

Kwenye tuzo pia changanua tarehe. Emmy yake (tuzo ya televisheni) ni ya Februari 1953, Tony yake (tuzo ya jukwaani) ni ya Machi 1953 kwa Hazel Flagg, mchezo wa kuimba. Ndani ya miezi miwili akawa mwanamume wa kwanza mwenye Oscar, Emmy na Tony za uigizaji. Ukikuta pameandikwa kwamba ni mtu wa kwanza, wamemsahau Helen Hayes, aliyekamilisha zake tatu Februari ile ile.

Filamu yake ya mwisho ni Pocketful of Miracles ya 1961, ya Capra tena, yeye ni Judge Blake. Lakini kazi ya mwisho kabisa hutaipata kwenye diski yoyote: mwaka 1962 alizunguka Marekani na tamthilia ya Prescription: Murder akicheza mpelelezi Luteni Columbo, kabla Peter Falk hajamgusa mhusika huyo. Alifariki tarehe 17 Desemba mwaka huo. Filamu ya televisheni ya 1968 yenye jina hilo hilo ndiyo ya Falk. Msinunue kwa ajili ya Mitchell, hayumo.